Rubani wa Milimani

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili hapa Nduguti, na nia yangu ni kuwa rubani. Baba hakuipenda nia hiyo, kwani aliona urubani ni kazi ya watu wasioogopa kufa. Basi nilimsimulia maisha ya Bwana Walter Mittelholzer, nami nawasimulia ninyi pia.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa St. Gallen, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Kwanza alijifunza kupiga picha, kisha akajifunza kurusha ndege jeshini. Kazi hizo mbili akaziunganisha, akawa akipiga picha za milima kutoka angani. Mwaka 1922 ndege yake ilianguka milimani penye theluji, akaponea chupuchupu. Hakuacha kazi, lakini alikuwa ameujua ukali wa milima.

Juu sana hewa ni nyepesi. Injini hupungua nguvu, mabawa huinua ndege kwa shida, na watu hukosa pumzi. Tena upepo ukivuka mlima huporomoka upande wa pili kama maji, ukaivuta ndege chini. Kwa hiyo rubani mwenye busara hupunguza mzigo, huondoka asubuhi mapema kabla mawingu hayajajaa, na huuendea mlima kwa mshazari, ili apate nafasi ya kugeuka akishindwa.

Kati ya Desemba 1926 na Februari 1927 Bwana Mittelholzer alisafiri kwa ndege kutoka Zürich mpaka Cape Town. Katika safari nyingine ya Afrika, ya 1929 na 1930, akawa mtu wa kwanza kuruka juu ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895. Ndege yake ilikuwa ya injini tatu, naye akakipiga picha kilele cha Kibo kutoka juu. Mwaka 1931 alipewa uongozi katika shirika jipya la ndege la Swissair.

Alifariki mwaka 1937, umri wake miaka 43. Hakufia ndegeni, bali alianguka akipanda mlima kwa miguu huko Austria.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama Fizikia naielewa. Nikakiri kwamba alama zangu ni mbaya. Akaniambia kwamba matayarisho ya rubani yanaanzia hapo, na muhula huu nimeanza.