Shekhar Mehta: Aliyemkimbia Amin, akatwaa Safari Rally mara 5 kwa kujua pa kupunguza mwendo

Masika yakikolea Kituntu, barabara haina huruma na mtu. Udongo mwekundu unalainika, mitaro inafurika, na dereva wa bodaboda anayeshuka kilima na mikunga miwili ya ndizi nyuma anajua kwamba hapa si mahali pa kuonyesha umwamba. Anapunguza. Akifika pale juu palipokauka, anavuta mafuta kama kawaida.

Halafu jioni kijiweni ubishi unaanza. Wale mabingwa wa mbio za pikipiki na magari wanaoshinda kila mwaka, hivi kweli wanakimbia mwisho wa uwezo wao? Au wanajibana makusudi, wanakimbia kiasi cha kutosha kushinda tu, na nyingine wanaiweka mfukoni?

Mtu mmoja wa huku kwetu Afrika Mashariki alilijibu swali hilo kwa maisha yake. Si kwa pikipiki, kwa gari. Anaitwa Shekhar Mehta.

Mtoto wa Uganda

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia yenye asili ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Kwa hiyo hakukulia katika shida. Alikuwa na gari mapema, akaipenda barabara mapema, na katikati ya miaka ya 1960 tayari alikuwa ameingia kwenye mashindano.

Wakati huo mbio kubwa kuliko zote katika ukanda huu zilikuwa Safari. Zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilipita katika nchi zetu tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Zilifanyika karibu kila mwaka wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Wenyeji walijua maana yake. Ni kipindi ambacho hata trekta inatitia.

Mwaka 1971 Mehta alimaliza wa pili akiwa na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann. Alikuwa bado hajafikisha miaka 26. Kila aliyefuatilia mbio alijua zamu yake inakuja.

Kisha Uganda ikageuka.

Amin awafukuza

Idi Amin alichukua nchi Januari 1971. Agosti 1972 akatoa amri: Waasia waondoke ndani ya siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Wengi walivuka mpaka na sanduku moja tu.

Familia ya Mehta nayo iliiacha Uganda, ikahamia Kenya. Shekhar alikuwa na miaka 27. Kuanzia hapo ulimwengu ulimjua kama dereva wa Kenya.

Watu wa Kagera hatuna haja ya kusimuliwa Amin alikuwa nani. Hilo tutalirudia.

Safari ilikuwa mbio za namna gani?

Hapa lazima tuelewane, maana vijana wengi leo wanaona mbio za magari kwenye simu: kipande kifupi cha barabara iliyofungwa, gari linapita kama risasi, kwisha. Safari ya zamani haikuwa hivyo.

Ilikuwa siku kadhaa za kusafiri usiku na mchana, maelfu ya kilomita, kwenye barabara zilezile zenye mabasi, ng'ombe, baiskeli na watoto wa shule. Waandaaji walipanga muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Ukichelewa dakika, unaandikiwa adhabu. Mwisho wa mbio, mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye bingwa.

Tatizo ni kwamba muda ule mara nyingi haukutosha. Kila mtu alichelewa. Kwa hiyo hesabu haikuwa nani ana kasi zaidi, bali nani amepoteza dakika chache zaidi.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Ukikanyaga mafuta kwenye makorongo, labda unaokoa dakika mbili. Ukivunja shokapu au ukipasua tangi la oili kwenye jiwe, unapoteza saa nzima, au unabaki palepale porini ukiangalia wenzako wakipita. Magari mengi yaliyoanza Safari hayakufika mwisho.

Ndiyo maana wageni waliokuja na sifa kubwa kutoka Ulaya waliteseka. Kuanzia 1953 ilibidi wasubiri hadi 1972 ndipo mmoja wao, Hannu Mikkola wa Finland, akashinda. Miaka yote hiyo wenyeji waliwazidi kwa jambo moja: walijua barabara ipi inadanganya.

1973: Wafungana

Pasaka ya 1973, miezi michache tu baada ya kuondoka Uganda, Mehta aliingia Safari na Datsun 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Mwaka huo ndio yalianza mashindano rasmi ya ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilikuwa mojawapo ya mbio zilizohesabiwa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa ndani ya timu yake mwenyewe: Harry Källström wa Sweden, naye kwenye Datsun. Baada ya siku zote zile za vumbi na tope, karatasi zilipojumlishwa, wawili hawa walikuwa na adhabu sawasawa. Sare.

Basi ikatumika kanuni ya kuvunja sare: nani alikwenda mbali zaidi tangu kuanza kabla ya kupata adhabu? Ilikuwa Mehta. Akapewa ushindi.

Tukio hili linafaa kurudiwa kijiweni, kwa sababu linakata pande mbili. Anayesema bingwa hujibana atasema: unaona, gari lake lilifika. Lakini mwenzake atajibu: kama Mehta angejibana dakika moja zaidi mahali popote, angeshindwa. Na kilichomwokoa ni kwamba mwanzoni kabisa, gari likiwa bado zima, hakujibana.

Wote wawili wana haki. Kupunguza mwendo kila mahali si ujanja, ni kuchelewa tu. Ujanja ni kujua wapi.

Miaka ya ukame

Baada ya hapo Mehta alikaa miaka mitano bila kushinda Safari. Mwaka 1974 na 1976 alishinda Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na Mitsubishi yake. Mwaka 1975 ni Ove Andersson na Peugeot 504. Mwaka 1977 Björn Waldegård na Ford Escort. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504.

Joginder naye alikuwa wa shule hiyohiyo. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na alijulikana kwa kulifikisha gari mwisho karibu kila mwaka. Ukiwa umewahi kufungua injini kwa mikono yako, mguu wako unajifunza adabu.

Pasaka ya 1979

Sasa turudi kwa Amin.

Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera. Eneo la kaskazini mwa mto likatekwa, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Wazee wa Karagwe na Misenyi bado wanasimulia. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi letu na Waganda waliokuwa pamoja nalo. Amin akakimbia.

Pasaka mwaka huo ilikuwa tarehe 15 Aprili. Siku zilezile, huku vijana wetu wakiwa wameshika mitaa ya Kampala, Mehta alikuwa kwenye barabara za Kenya akiendesha Datsun 160J, pembeni yake Mike Doughty. Mtu aliyewafukuza watu wa jamii yake sasa naye alikuwa hana nchi.

Mbele ya Mehta kulikuwa na kazi nzito. Mercedes walikuja na 450 SLC yenye injini ya lita 5, na dereva wao mmoja alikuwa Mikkola, yuleyule wa 1972. Injini ya Datsun haikufika hata nusu ya hiyo. Kwenye barabara iliyonyooka, Mercedes ingemwacha bila kuuliza.

Lakini Safari haikuwa barabara iliyonyooka. Mehta alishinda, Mikkola akawa wa pili.

Mara nne mfululizo

Kuanzia hapo hakuna aliyemzuia. Alishinda 1980, akashinda 1981. Miaka yote miwili aliyemaliza wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, dereva hodari mno aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya na ambaye hakuwahi kushinda Safari hata mara moja. Walikuwa timu moja, magari ya kampuni moja. Kwa hiyo huwezi kusema gari ndilo lililoshinda.

Mwaka 1982 akashinda tena na Nissan Violet. Safari hii wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani na Opel. Röhrl huyohuyo ndiye aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka huo.

Jumla: mara 5, na 4 kati ya hizo mfululizo. Hata Waldegård, aliyerudi Safari mwaka baada ya mwaka na magari ya viwandani, aliishia mara 4.

Kwa hiyo alijibana au hakujibana?

Mguu wa dereva hauna mita, kwa hiyo tunapima kwa matokeo. Mtu hawezi kushinda Safari mara nne mfululizo akiwa anakanyaga hadi mwisho kila mahali. Gari lisingekubali. Na hawezi kushinda akiwa anatembea, maana nyuma yake walikuwapo Mikkola, Aaltonen na Röhrl.

Kwenye pikipiki mambo ni hivyohivyo, tena kwa bei kubwa zaidi, kwa sababu kinachoanguka ni mwili. Mwaka 1967 Mike Hailwood wa Uingereza na Giacomo Agostini wa Italia walimaliza msimu wa pikipiki za cc 500 wakiwa na pointi sawa na ushindi sawa, mara 5 kila mmoja. Agostini akachukua ubingwa kwa sababu alikuwa na nafasi za pili nyingi zaidi. Maana yake, siku ambazo hakushinda ndizo zilizomfanya bingwa. Alifika.

Na mwaka uliofuata, Hailwood alipokuwa ameondoka, Agostini alishinda mbio zote 10 za cc 500. Mtu anayeongoza peke yake namna hiyo ana sababu gani ya kuhatarisha shingo yake kwa sekunde asizozihitaji? Kupunguza pale si kudanganya watazamaji. Ni kumaliza kazi.

Siku barabara ilipokataa

Tusimfanye Mehta malaika wa barabara. Aliipenda kasi, na mwaka 1987 kasi ilidai chake. Akiwa Misri kwenye Mbio za Mafarao, akiendesha Peugeot, alipata ajali mbaya sana jangwani. Aliumia vibaya, na ajali hiyo ndiyo iliyomaliza kazi yake ya udereva.

Yule aliyejua barabara za Afrika Mashariki kama mifuko yake aliumizwa na nchi asiyoijua hivyo. Maarifa ya wapi pa kupunguza hayahami na dereva. Yanabaki kwenye barabara uliyoizoea.

Hakuacha mchezo. Aliingia upande wa uongozi na kufika juu kabisa katika kamati ya rally ya shirikisho la magari duniani, FIA. Kutoka kiti hicho aliona jambo lililowauma wengi: baada ya 2002 Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia.

Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Hakuiona Safari ikirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha.

Alichotuachia

Ukitoka Kituntu ukaenda Kyerwa hadi Murongo, unaona Uganda ng'ambo ya mto, nchi aliyozaliwa Mehta na aliyolazimika kuiacha. Njiani utapishana na vijana kwenye pikipiki za kukopa, kila mmoja akiwaza marejesho ya wiki. Kwake kila dakika ni hela, na kishawishi cha kuvuta mafuta kipo kila kona.

Hesabu yake ni ileile ya Safari. Dakika mbili anazookoa kwenye mteremko wa tope hazilipi rimu iliyopinda, wala mguu uliovunjika, wala abiria aliyeaga nyumbani akisema atarudi jioni. Lakini akitambaa siku nzima, mwenzake atachukua abiria wote na wiki itaisha mkopo upo palepale.

Kwa hiyo wakibishana tena kijiweni kama mabingwa hujibana, jibu ni ndiyo, ila si kila mahali. Mehta alikwenda kwa kasi pale barabara iliporuhusu na akapunguza pale ilipokataa. Wengine wengi walikuwa na mguu mzito kuliko wake. Aliyepanda jukwaani mara 5 ni yeye.