Livingstone, daktari aliyeuguzwa nyumbani Kabambare

Wengi Maniema wanamjua David Livingstone kama mzungu aliyepita Nyangwe. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka wa 1870, akiwa na miaka 57, alilala mgonjwa Kabambare kwa miezi, bila dawa.

Alizaliwa Uskoti tarehe 19 Machi 1813, akafanya kazi ya kiwanda cha pamba tangu utotoni, kisha akafuzu udaktari mwaka wa 1840. Safarini alitembea na sanduku la dawa, akitibu homa kwa vidonge vya kinini alivyochanganya mwenyewe. Lakini Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wawili wa msafara walitoroka na sanduku hilo. Tangu siku hiyo daktari alikuwa mikono mitupu.

Mapema mwaka wa 1869 ugonjwa wa mapafu nusura umwue. Mohammed Bogharib, mfanyabiashara kutoka pwani, aliamuru abebwe kwa kitanda, yaani tipoyi kama wanavyosema Maniema, akampa dawa za Waarabu mpaka wakafika Tanganyika. Bogharib huyo alifanya biashara ya pembe na watumwa, ileile ambayo Livingstone aliilaani. Mgonjwa hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

Tarehe 22 Julai 1870 alirudi Kabambare na vidonda vya miguu vilivyokula nyama. Akikanyaga tu, usaha wenye damu ulitoka. Siku 80 hakutoka nje ya nyumba. Wahudumu waliobaki naye walikuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Kilichomsaidia ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba: lilisagwa kwa maji, likapakwa kwa unyoya. Watumwa wa kambini walikuwa na vidonda hivyohivyo, na usiku alisikia vilio vyao. 

Alitoka nje tarehe 10 Oktoba, akaondoka Kabambare Februari 1871. Huko Nyangwe, tarehe 15 Julai, alishuhudia mauaji ya watu sokoni, akageuza njia kuelekea Ujiji. Stanley alimkuta hapo akiwa amedhoofika, akampatia chakula na vifaa.

Alifariki Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Siku zake za mwisho alibebwa tena kwa kitanda. Susi na Chuma walikuwa bado naye, na ndio walioongoza safari ya kupeleka mwili wake Bagamoyo.