HAYATI BWANA JAMES ASHE NA SWILA ALIYEDHANIWA NI RANGI TU

Hapa kwetu Pwani hakuna asiyelijua jina la swila. Ndiye yule nyoka atanuaye shingo kisha akatema sumu, naye hulenga macho. Wazee wetu walimjua kwa tabia yake hiyo, wala hawakushughulika sana kama ni mweusi, mwekundu au wa rangi ya udongo. Ajabu ni kwamba wataalamu wa Ulaya nao, pamoja na darubini zao, kwa muda mrefu hawakuwa mbali na hapo. Mwaka 1843 swila wa shingo nyeusi wa Afrika Magharibi alipewa jina la kitaalamu, na baadaye karibu kila swila mkubwa wa bara hili akatiwa chini ya jina hilo. Hata swila mwekundu wa nchi kavu za Kenya, aliyepata jina lake mwenyewe mwaka 1896, kwa miaka mingi alirudishwa chini ya yule wa shingo nyeusi, ati ni rangi tu.

Basi katika miaka ya 1960 alikuwapo Nairobi mtu aliyekuwa na shaka. Huyo ni Bwana James Ashe, aliyepata kuwa msimamizi wa nyoka katika Jumba la Makumbusho. Mwaka 1968 alimwandika nyoka mdogo wa mitini wa misitu ya upande wa Mlima Kenya, akampa jina la Desaix, kijana wa Kimarekani aliyehusika katika kupatikana kwake. Hakumwita kwa jina lake mwenyewe, ingawa watu leo humwita kwa jina la Ashe.

Lakini aliyemshughulisha zaidi ni swila wa kwetu. Bwana Ashe alikamata swila wa rangi ya kahawia wakubwa kupita kiasi, akashikilia kuwa hao si wale wa shingo nyeusi bali ni aina mbali. Ushahidi wa kuwaridhisha wenziwe hakuwa nao. Ukubwa peke yake hautoshi. Hata ng'ombe wa zizi moja hawalingani. Vitabu vikaendelea kuandika kwamba huyu ni swila yule yule, rangi yake tu ndiyo nyingine.

Hapa yafaa kueleza kidogo habari ya rangi. Rangi ya nyoka hutokana na chembe za urithi, fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Chukua mathalan ualbino. Wazazi wawili waweza kuwa na rangi ya kawaida huku kila mmoja amebeba chembe iliyojificha. Kwa kadiri, yai moja katika kila manne litatoa mtoto wa rangi ya manjano na nyeupe, mwenye macho mekundu. Mtoto huyo ni wa aina ile ile ya wazazi wake. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wamegeuza jambo hili kuwa biashara kubwa. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye hufika mpaka Uganda, alizalishwa akiwa na ualbino huko Marekani mwaka 1992, na tangu hapo rangi zinachanganywa na kupewa majina ya ndizi, ya nyuki, ya peremende. Wapo waitwao buibui, ambao vichwa huwatetemeka kwa kasoro iliyofuatana na rangi yenyewe, na bado wananunuliwa! Hayo ni majina ya sokoni tu.

Kwa hiyo waliomkatalia Bwana Ashe walikuwa na hoja. Lakini tazama na mahali. Mtu atokaye Malindi akapanda hadi Kisii au Nyamira, kwenye mvua, migomba na majani chai, huwa ameliacha nyuma joto kavu analolipenda swila huyu wa kahawia. Huko magharibi, upande wa Ziwa, swila mkubwa ni yule wa shingo nyeusi.

Mwaka 1980 Bwana Ashe na mkewe walianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu, karibu kabisa na makao ya nyoka wake. Alifariki mwaka 2004. Mwaka huo huo swila mmoja wa kituoni, mwenye urefu wa meta 2.7, alikamuliwa sumu ikafika mililita 6.2 kwa mara moja.

Mwaka 2007 Wolfgang Wüster wa Wales na Donald Broadley wa Zimbabwe walitangaza matokeo yao. Walikuwa wamelinganisha magamba ya nyoka hao, na pia zile chembe za urithi ambazo hupokelewa kwa mama peke yake. Tofauti ikaonekana wazi: swila wa kahawia ni aina yake mwenyewe, naye yumo Kenya, Somalia, Ethiopia na Uganda. Wakampa jina la Naja ashei, miaka mitatu baada ya mwenyewe kuzikwa.

Jina lake limebaki pia katika mfuko wa kuwapatia dawa ya sumu watu walioumwa na nyoka wasio na uwezo wa kuilipia. Aliyetemewa machoni asiyafikiche. Ayaoshe kwa maji mengi, kisha akimbilie hospitali, rangi ya nyoka iwe ni ipi.