Askofu Edward Steere na Kanisa la Mkunazini

Sisi wakaao Pito na Ufipa tu mbali na bahari, lakini habari za kanisa kuu la Mkunazini, mjini Unguja, zatuhusu. Zamani misafara ya watumwa na pembe ilipita nchi yetu kwenda pwani, na wengi waliosalimika njiani waliuzwa katika soko la Unguja. Basi yafaa tumkumbuke mtu aliyejenga nyumba ya Mungu mahali pale.

Edward Steere alizaliwa Uingereza mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa padre. Alifika Unguja mwaka 1864, akajifunza lugha ya wenyeji kwa bidii. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kuwafundisha wageni Kiswahili, na kingine cha hadithi za Waswahili. Baadaye akafasiri Agano Jipya.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alikubali kukomesha biashara ya watumwa baharini, soko likafungwa. Misheni ikapata kiwanja kile, na sikukuu ya Kuzaliwa Bwana ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Mwaka 1874 Steere akawa Askofu, naye mwenyewe akasimamia ujenzi.

Paa ndilo lililowatia watu shaka. Askofu hakutaka boriti, bali kuba ndefu iliyopinda toka ukuta hata ukuta, ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wengi walidhani litaanguka miti ya kulishikiza itakapoondolewa. Ikaondolewa, paa likasimama, na hata leo liko. Husimuliwa pia ya kuwa mafundi waliziweka nguzo kadhaa juu chini Askofu alipokuwa safarini, naye akaziacha vivyo hivyo. Nayo altare, husemwa, i mahali palipokuwa na mti wa kuwapigia watumwa.

Lakini Askofu alijua ya kuwa jengo peke yake halitoshi. Soko lilikwisha fungwa, ila utumwa wenyewe ulikuwa halali Unguja hata mwaka 1897. Kwa hiyo alishughulikia makao ya waliowekwa huru huko Mbweni, na mwaka 1876 akaongoza kundi lao kutoka Lindi hata Masasi. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare, asiuone mwisho wa utumwa.

Wapenzi walimu na Wakristo, katika jubilei hii twashukuru kwa makanisa tuliyojengewa. Tuangalie pia wanyonge waliomo kati yetu, wapate heshima ya watu huru ndani yake.