Maisha ya Daktari Maud Menten (1879–1960)



Wale wanaosoma biolojia na shimi wanaijua ekwasio ya Michaelis na Menten. Wengi huitamka kwa pumzi moja kama jina la mzee mmoja wa Ulaya. Lakini ni watu wawili, na wa pili alikuwa mwanamke. Katika namba hii tunapenda kuwaelezea maisha yake, na ginsi ekwasio ile ilivyopatana na vipimo, maana hapo ndipo penye shida darasani.

Maud Leonora Menten alizaliwa mwaka 1879 huko Port Lambton, Kanada. Alikomalia Harrison Mills, kijiji kidogo kando ya mto, upande wa magharibi, mbali sana na miji mikubwa. Kisha akarudi mashariki kusoma katika chuo kikuu cha Toronto. Alimaliza masomo ya kwanza mwaka 1904, ya utabibu mwaka 1907, na mwaka 1911 akapata cheo cha juu cha udaktari. Wakati ule wanawake wa Kanada waliofika hapo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Mwaka 1912, mwaka ule ule meli Titanic ilipozama, yeye alivuka bahari hiyo mpaka Berlin, Ujerumani. Huko alitumika pamoja na Leonor Michaelis (huyu ni mwanaume, msidanganywe na jina), Myahudi aliyekuwa na maabara ndogo ndani ya hospitali ya mji.

Walichunguza invertasi, enzimu ya chachu, ile inayokata sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi. (Enzimu ndiyo vitabu vya Tanzania vinaita kimeng'enya.) Walitaka kujua: tukiongeza sukari, kazi inaenda mbio kiasi gani? Fikirini mashini ya kusaga unga. Mama wakija wawili watatu, mashini inangoja watu. Wakija wengi, inasaga zaidi. Lakini wakijaa mpaka barabarani, mashini haiwezi kujipita yenyewe. Enzimu nayo iko vile.

Victor Henri, mwenye kutumika Paris, alikuwa amekwisha kuandika ekwasio ya namna hiyo mwaka 1903. Hesabu yake ilikuwa nzuri, vipimo ndivyo vilivyosumbua. Kwanza, hakushikilia ukali wa asidi mahali pamoja, na enzimu hubadilika sana asidi ikibadilika. Mambo ya pH yalielezwa vizuri na Sørensen wa Denmark mwaka 1909 tu. Pili, sukari ilipimwa kwa polarimetri, chombo kinachoonyesha ginsi maji ya sukari yanavyogeuza mwangaza. Sasa, glukosi iliyotoka kukatwa haitulii palepale: inageuka polepole, na chombo kinasoma uongo kidogo.

Menten na Michaelis walianza kwa kusafisha vipimo. Walitia mchanganyiko wa asidi ya siki na chumvi yake ili pH isihame. Joto waliliweka 25. Kila baada ya dakika fulani walichota maji kidogo, wakayatia ndani ya soda. Soda iliua enzimu na papo hapo ikatuliza glukosi, kisha ndipo waliposoma chombo. Tena walichukua mwendo wa mwanzo tu, kwa sababu glukosi na fruktosi zikizidi zinaziba enzimu na kuichelewesha. Kazi hiyo ilitoka katika jarida la Kijerumani mwaka 1913.

Ekwasio yenyewe ni hii: v = Vmax × S / (Km + S). S ni wingi wa sukari, v ni mwendo, Vmax ni mwendo wa mwisho usiopitika. S ikilingana na Km, mwendo ni nusu ya Vmax. S ikiwa mara 3 ya Km, ni robo tatu. Ikiwa mara 9, ni sehemu 9 kwa 10. Oneni basi taabu: hata ukiongeza sukari mara nyingi, Vmax unaikaribia tu, huifikii. Utaichoraje kwenye karatasi ya milimita?

Wao walichora mwendo juu ya logaritmi ya sukari. Mstari ukatoka kama herufi S iliyolala, na katikati yake karibu umenyooka. Hesabu inaonyesha kwamba mteremko wa hapo katikati ni 0.576 ya Vmax. Basi kwa kupima mteremko walipata urefu wote, bila kungoja mwisho. Km ikatoka 0.0167, ndiyo kusema karibu gramu 6 za sukari katika litre moja.

Sisi tumezoea njia ya Lineweaver na Burk ya mwaka 1934, ya kugeuza namba chini juu ili nukta zikae kwenye rula. Ni nyepesi, lakini inapashwa kuangaliwa: kosa dogo la kipimo pale sukari ni kidogo linakuwa kubwa sana likigeuzwa, nalo linavuta mstari mzima. Na yule anayefuta nukta isiyotaka kukaa mstarini, huyo hapimi enzimu, anapima rula yake. Mwaka 2011 Johnson na Goody walichukua vipimo vile vya 1913, wakavihesabu upya kwa kompyuta. Vilikuwa vingali vizuri.

Hata hapa Kibua enzimu inatumika bila kuitwa. Mihogo michungu ikilowekwa, linamarasi iliyo ndani yake inakata kitu chenye sumu, na sumu inatoka kwa maji na hewa. Kazi hiyo inataka muda. Kule Kwango, watu waliofupisha siku za kuloweka walipatwa na konzo, ugonjwa unaolemaza miguu.

Turudi kwa Menten. Mwaka 1916 alipata udaktari wa pili, Chicago. Kisha alikaa miaka mingi Pittsburgh, Marekani, akifundisha chuo kikuu na kuchunguza magonjwa katika hospitali ya watoto. Mwaka 1944, yeye na wenzake walipima kwa umeme hemoglobini ya mtu mzima na ya mtoto aliye tumboni. Miaka 5 baadaye, Pauling na wenzake walitumia njia ya umeme kuonyesha hemoglobini ya wagonjwa wa SS. Juu ya hayo yote alipiga klarineti na kuchora picha.

Cheo cha profesa kamili walimpa akiwa karibu miaka 70, na mwaka 1950 akastaafu. Alirudi Kanada, akaendelea kidogo na uchunguzi wa kansa mpaka afya ikamshinda. Alikufa Leamington, Ontario, Julai 1960.