Hans Berger: Aliyeusoma umeme wa ubongo

DIGODIGO, kata ya Wasonjo wilayani Ngorongoro, inasifika kwa mifereji yake ya umwagiliaji. Kwa mwenye kifafa, maji hayo ni hatari sawa na moto wa jikoni, kwani huweza kuanguka ghafla bila kujitambua. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, maradhi haya yalihusishwa na mapepo au laana, na wapo walioachwa waungue kwa kuwa watu waliogopa kuwagusa.

Chombo kilichowezesha kuonyesha kwamba chanzo cha kuanguka huko kimo ndani ya ubongo kilitokana na kazi ya daktari Mjerumani, Hans Berger.

Berger alizaliwa Mei 21, 1873, karibu na mji wa Coburg. Awali alitaka kusomea elimu ya nyota. Akiwa jeshini, alianguka kutoka juu ya farasi na kunusurika kukanyagwa na gari la mzinga. Siku hiyohiyo alipokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, kwani dada yake alikuwa ameingiwa na hofu kwamba amepatwa na jambo. Tukio hilo lilimfanya aache nyota na kugeukia tiba, akitafuta nguvu iliyojificha ndani ya akili ya binadamu.

Alifanya kazi Jena kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1924, kwa vifaa duni na kwa siri, alifanikiwa kunasa umeme hafifu kutoka kichwani mwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa na pengo katika fuvu. Alisubiri hadi 1929 ndipo akachapisha matokeo yake. Wengi walimbeza.

Mwaka 1934 wataalamu wa Cambridge, nchini Uingereza, walithibitisha kuwa hakukosea. Mwaka uliofuata, watafiti wa Harvard, Marekani, walionyesha mawimbi matatu kwa sekunde katika aina ya kifafa inayowafanya watoto wazubae ghafla.

Hata hivyo, maisha yake yana doa zito. Sheria ya Wanazi ya mwaka 1933 iliruhusu kuwahasi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na kifafa cha kurithi, na Berger alishiriki katika mahakama iliyosikiliza mashauri ya aina hiyo. Aliyewapa wagonjwa hao chombo cha kuwatetea, alikaa pia upande wa waliowahukumu. Alistaafu mwaka 1938 na, akiwa na huzuni kubwa, alijiua Juni 1, 1941.

Kazi yake haikufa. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba sumaku inayowekwa juu ya kichwa huweza kuuamsha ubongo bila upasuaji. Leo watafiti huunganisha sumaku hiyo na kipimo cha Berger, ili kuona jinsi ubongo wa mwenye kifafa unavyoitikia.

Nchini, daktari Mnorwe Louise Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa waliokuwa wakifichwa walipewa vidonge, na wengi wakapata nafuu.

Kwa familia iliyo mbali na hospitali kubwa, somo la awali la mawimbi hayo lingali lilelile: kifafa ni ugonjwa, hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa, na dawa ipo.