Alice Seeley Harris, mama aliyepiga foto ya Nsala

Wakaaji wengi wa Kongo wamekwisha kuiona ile foto katika vitabu vya historia ao kwenye simu. Mwanaume mmoja ameketi barazani, mikono imefunga magoti, anaangalia mkono mdogo na mguu mdogo vilivyo chini mbele yake. Wanaume wengine wawili wako pembeni. Huyo mwanaume ni Nsala, mtu wa Wala. Vile vilivyo mbele yake ni vya binti yake Boali, mwenye umri wa miaka mitano hivi. Aliyepiga foto ni mama mmoja wa misioni, Alice Seeley Harris. Kazi ya foto hakuisomea popote.

Alice alizaliwa Uingereza mwaka wa 1870, katika muji mdogo wa Malmesbury. Akiwa kijana alifanya kazi ya biro huko London, kwenye posta. Lakini roho yake ilikuwa kwenye kazi ya misioni. Tarehe 6 Mei 1898 aliolewa na John Harris, na baada ya siku chache tu wakapanda meli kuja Kongo. Walifika kwanza Ikau, kisha wakahamia Baringa, kando ya mto Maringa, katika jimbo ambalo leo linaitwa Tshuapa.

Wakati ule Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji. Tangu 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakukanyaga udongo wake hata siku moja. Ulaya na Marekani walikuwa wanatafuta mpira kwa ajili ya magurudumu ya baiskeli na motokari, na mpira ulikuwa katika pori la Kongo. Baringa ilikuwa chini ya kampuni iliyoitwa ABIR. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Kikipungua, walinzi wenye bunduki walitumwa. Wanawake walifungwa kama rehani, wanaume walipigwa fimbo, na watu waliuawa. Kukata mikono kulitokana na hesabu ya risasi: askari alipaswa kuonyesha kwamba hakuzitumia bure, na mkono wa maiti ndio ulikuwa ushahidi wake. Wengine walikatwa wakiwa wazima.

Siku ya 14 Mei 1904, Nsala alifika misioni na kifurushi cha majani. Walinzi wa ABIR walikuwa wameshambulia kijiji chake juu ya mpira uliokosekana, wakaua mke wake na binti yake. Ndani ya kifurushi ndimo mlikuwa vile vilivyobaki vya mtoto. Alice alimuomba akae barazani, akachukua aparei yake, akapiga. Kupiga foto ya baba katika saa kama ile si jambo jepesi. Lakini Alice alijua kwamba maneno matupu hayangefika mbali. Watetezi wa mfalme walikuwa wakidai kwamba kijana mmoja aliyekosa mkono aliumwa na nguruwe wa pori. Foto ya Nsala ilikuwa ngumu kujibu.

Mwezi wa Machi mwaka uleule, huko Uingereza, E. D. Morel na Roger Casement walikuwa wameanzisha chama cha kudai mabadiliko Kongo. Foto za Alice zikawa silaha yao. Mwisho wa 1904 tume ya majaji watatu iliyotumwa na mfalme mwenyewe ilifika Baringa. Akina Harris walitoa ushuhuda, lakini wakaaji nao hawakunyamaza. Chifu Lontulu wa Bolima aliweka vijiti 110 juu ya meza ya majaji, kila kijiti kwa mtu wake mmoja aliyeuawa. Ripoti ya tume ilitoka mwaka wa 1905 na ikakubali mengi ya yale yaliyosemwa.

Waliporudi Uingereza, Alice na mume wake walizunguka na foto hizo. Siku zile hakuna redio wala televizio. Foto zilihamishwa kwenye vioo, zikawekwa mbele ya taa maalum, zikaonekana kubwa ukutani. Watu walijaa makanisani na kwenye kumbi kuziona. Katika miaka miwili walisimama mbele ya watu mara 600 hivi, pamoja ao kila mmoja peke yake, na mwaka wa 1906 walifika hadi Marekani. Mwandishi Mark Twain alitoa kitabu mwaka wa 1905 ambamo mfalme analalamika kwamba aparei ya foto ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumnunua.

Mwaka wa 1908 Leopold alilazimishwa kuiachia Ubelgiji ile Kongo yake. Mateso hayakuisha siku hiyo. Kazi za lazima na fimbo viliendelea chini ya koloni kwa miaka mingi. Akina Harris walirudi Kongo mwaka wa 1911 kujionea wenyewe hali ilivyo.

John alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza mwaka wa 1933, akafa 1940. Kwa cheo hicho Alice naye aliitwa Lady, jina ambalo hakulipenda. Kwa miaka mingi sifa za foto zilienda kwa mume wake. Alice alifariki tarehe 24 Novemba 1970, akiwa amefikisha miaka 100.

Mwaka wa 2014 foto zake zilionyeshwa tena Liverpool, na huko London pamoja na kazi za Sammy Baloji, mpiga foto wa Lubumbashi. Jina la Nsala linajulikana leo, na la Boali pia, kwa sababu ile siku mtu aliuliza majina yao na kuyaandika. Katika foto nyingine nyingi za wakati ule, watu wamebaki bila jina.